Shaka Lililonirudisha Barabarani

Kwa muda mrefu swali moja lilininyima usingizi: je, mimi ni mgonjwa, au hivi ndivyo nilivyo? Mtu mwenye homa hajiulizi hivyo. Anajua kwamba yeye ni yeye na homa ni homa. Lakini kwangu kilichougua kilikuwa kile kile ninachotumia kujiuliza. Kama ni ugonjwa, basi una jina na pengine una dawa. Kama ni tabia yangu, basi dawa itaniondoa mimi mwenyewe, na atakayebaki kitandani sijui atakuwa nani. Nililigeuza swali hilo kama mtu anayechoma hindi moja mpaka likaungua pande zote. Ninaandika haya kwa sababu ninaamini yuko mwingine, pengine Karatina, pengine Othaya, anayeligeuza sasa hivi na anadhani yuko peke yake.

Nilizaliwa Tetu, katika shamba lenye kahawa upande wa chini na ng'ombe wa maziwa karibu na jiko. Mimi ni kifungua mimba, na kwa desturi yetu mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Kwa hiyo nikaitwa Wachira, kama babu, ambaye alifariki nikiwa bado mchanga, muda mfupi baada ya kurudi kutoka kizuizini alikowekwa na wakoloni. Anayebeba jina hubeba na heshima yake. Baba aliniita "baba" tangu nikiwa natambaa. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Cucu, aliniita "mume wangu."

"Mume gani huyu asiyemnunulia mke wake hata ugoro?" alikuwa akisema mbele ya wageni.

"Nivumilie," nilimjibu. "Nitakuoa upya nikimaliza shule."

Wageni walicheka, wakaendelea na chai yao. Hakuna aliyeona ajabu.

Tangu utotoni nilikuwa mtu wa kufikiri kupita kiasi. Mama akinituma chumvi, nilisimama mbele ya duka la Mhindi mjini nikijiuliza kama alisema ya mawe au ya unga, na kama nikinunua ya mawe atasema sikumsikiliza, na kama kweli sikumsikiliza. Watu waliita hiyo akili, na walimu waliisifu. Ilinipeleka shule ya upili, kisha chuo kikuu Nairobi, na nilipohitimu katika ile miaka ya sabini nilipewa kazi ya kufundisha biolojia katika shule moja ya upili nje kidogo ya mji wa Nyeri. Nikapata baiskeli nzuri. Nikapata pia mchumba, Nyambura, mwalimu wa shule ya msingi kwao Kiriaini. Baba na wazee wetu walikuwa wameshakwenda kwao mara ya kwanza kubisha hodi, wakapokewa vizuri na baba yake, Mzee Kamau, mkulima wa majani chai asiyependa maneno mengi. Kilichobaki kilikuwa kurudi na mbuzi wa mahari.

Ugonjwa ulianza kwenye mteremko. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha, na wanawake walikuwa wakipanda na mikebe ya maziwa kuelekea kwenye kituo cha kuyauzia. Nikiwa nashuka kwa kasi gurudumu la nyuma lilipanda juu ya kitu, likashuka. Nilijua ni jiwe. Nilikwenda mbele kidogo, na wazo likanijia: na kama lilikuwa mguu wa mtoto? Niligeuza baiskeli. Nilikuta jiwe, tena likiwa na alama ya gurudumu juu yake. Nilifurahi, nikaondoka. Kabla sijafika darajani wazo lilikuwa limeshabadilisha nguo: jiwe lipo, ndiyo, lakini mtoto angeweza kutambaa hadi kwenye miti ya kahawa. Nikarudi tena, nikainama chini ya miti nikitafuta.

Nataka muelewe jambo moja. Nilijua kwamba ni upuuzi. Nilikuwa na digrii ya sayansi, nilijua uzito wa baiskeli na uzito wa mtoto. Kujua hakukunisaidia. Shaka halikuwa likibishana nami kwa hoja. Lilisema tu, "Huenda," na neno hilo halina jibu.

Miezi ilipita, nami nikazidiwa. Kila shimo la barabara likawa mtu. Nilifika shuleni suruali ikiwa na matope magotini, darasa likiwa limeshachoka kunisubiri. "Mwalimu leo tena ameanguka," wanafunzi walinong'onezana. Tumbo liliharibika, kila asubuhi kabla ya kupanda baiskeli nilikimbilia chooni mara kwa mara, na kilichotoka kilikuwa maji. Viganja vilitoka jasho mpaka chaki ikayeyuka mkononi. Nilitafuna mashavu kwa ndani hadi yakawa vidonda, na chai ya moto ikawa adhabu. Nilikonda. Mama alichukua msumari akanitobolea matundu mapya kwenye mshipi.

Mwisho nikaacha kutafuta mwenyewe, nikaenda kituo cha polisi.

"Nimekuja kujishtaki," nilimwambia askari wa mapokezi. "Nadhani nimegonga mtu kwa baiskeli."

"Umegonga nani?"

"Sijui."

"Wapi?"

"Kati ya shule na daraja. Au baada ya daraja."

Askari akamwita mwenzake. "Kuja usikie hii. Marehemu hajulikani, mahali hapajulikani, na gari yenyewe ni baiskeli."

Mwenzake alinitazama machoni. "Mwalimu, umekunywa kitu?"

"Sinywi."

"Basi enda nyumbani ulale."

"Siwezi kulala mpaka mhakikishe."

Walinicheka, lakini si kwa ubaya. Nilirudi kesho yake, na kesho yake tena. Ndipo sajenti akatuma watu wamwite baba. "Mzee," alimwambia, "huyu kijana si mhalifu. Mpeleke hospitali. Akikuja hapa tena nitamweka ndani, na huko ndani hakuna dawa."

Daktari aliyetupokea alikuwa mzee kutoka ng'ambo, mpole, mwenye Kiswahili safi alichojifunza pwani. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu husema kama anavyosema nyumbani kwake.

"Huyu ni nani wako?" daktari alimwuliza.

"Huyu ni baba yangu."

"Baba yako?"

"Ndiyo. Alikufa, akarudi. Sasa ni huyu kijana yangu."

Daktari akanigeukia. "Nawe unakubali kwamba wewe ni baba wa mzee huyu?"

Siku nyingine yoyote ningemweleza desturi yetu kwa sentensi moja. Siku ile sikuweza kuapa juu ya kitu chochote. Niliwaza: kwa jina ni kweli, kwa mwili si kweli, nikikubali nitakuwa nimedanganya, nikikana nitakuwa nimemvunjia baba heshima mbele ya mgeni. Nikasema, "Sina hakika."

"Lakini huyu ndiye mzazi wako?"

Mtu anajuaje hilo kwa uhakika? Sikuwepo. "Nadhani hivyo. Sina hakika."

"Na huyo mtu uliyemwua barabarani?"

"Sina hakika kama nilimwua."

Simlaumu daktari yule. Ningekuwa mimi upande wa pili wa meza, nimesoma vitabu vilivyoandikwa mbali na Tetu, ningesikia alichosikia: mtu asiyemjua baba yake, anayejiona ni marehemu aliyefufuka, anayekiri mauaji yasiyokuwepo. Alimwambia baba kwa huruma kwamba nina skizofrenia, ugonjwa mzito unaomtenga mtu na mambo yaliyo kweli. Baba alilibeba jina lile refu hadi nyumbani bila kuweza kulitamka, na alipofika alilifupisha. Alisema, "Wazimu."

Nikalazwa. Nilidungwa sindano za kutuliza. Baada ya siku chache shingo ilijipinda upande, taya likakaza, na macho yakapanda juu yenyewe. Nililazimika kutazama dari kwa saa nzima bila kutaka. Muuguzi alinipa dawa nyingine ya kuifungua shingo. Mate yalinitoka na kulowesha mto. Mikono ilitetemeka hata uji ukafika mdomoni umebaki nusu. Tumbo lililokuwa likiharisha sasa likafunga kama jiwe. Nilitembea kwa hatua fupi, kama mzee aliyebeba gunia. Shaka lenyewe halikuondoka. Dawa iliufunga mwili, na shaka likabaki ndani likitembea polepole. Nililala pale nikijiuliza kama wakati naletwa hospitalini gari lilimgonga mtu, na kama ilikuwa kwa sababu yangu.

Kitanda cha jirani kilikuwa na dereva wa lori kutoka upande wa Kenol, jina lake Maina. Yeye aliamini kwamba redio ya hospitali humtaja kila jioni baada ya habari.

"Unajuaje ni wewe?" nilimwuliza.

"Najua."

"Lakini Maina ni wengi."

Alinihurumia. "Mwalimu, shida yako ni kufikiri. Mimi sifikiri. Mimi najua."

Nilimwonea wivu. Tulidungwa dawa ile ile kutoka chupa ile ile, na kwake ilikuwa ikifanya kazi. Wiki baada ya wiki redio ilizidi kumsahau. Alianza kuuliza habari za mke wake na za lori. Mimi nilibaki nilipokuwa.

Cucu alikuja kuniona akiwa na viazi vitamu kwenye kiondo. Aliinama, akaitazama shingo yangu. "Mume wangu, hawa watu wamekunyonga?"

Ulimi ulikuwa mzito, lakini nilijitahidi, kwa sababu ndiye mtu wa kwanza kunichekesha tangu nilazwe. "Mke wangu," nikasema, "umeniletea nini?"

Daktari alikuwa akipita. Alisimama, akamtazama Cucu, asiyekuwa na jino hata moja, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa huzuni. Kesho yake kipimo cha sindano kiliongezwa.

Nyumbani kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa. Mama alisema ni vita vya kiroho, na kikundi chake cha maombi kilifunga. Shangazi Wairimu, dada mkubwa wa baba, alisema ni thahu, yaani unajisi unaompata mtu kwa mwiko uliovunjwa, na kwamba babu hakuzikwa vizuri; alitaka mbuzi achinjwe.  Baba yeye alikuwa amekumbuka kwamba babu naye, alipotoka kizuizini, alikuwa akisimama langoni muda mrefu kabla ya kuingia nyumbani kwake mwenyewe. Nadhani alijiuliza kama alinipa jina pamoja na maradhi.

Habari zikafika Kiriaini. Mzee Kamau alituma ujumbe mfupi, wa kiungwana: "Sijakataa. Lakini sitoi mtoto wangu kwa ugonjwa usio na jina. Mjue ni nini, ndipo mje mniambie."

"Hiyo ni rahisi," Shangazi Wairimu alisema. "Tumwambie ni malaria imepanda kwa kichwa. Alienda Mwea na wanafunzi, ama hakuenda? Mbu ikamuuma. Malaria hata chifu anagonjeka."

"Na hospitali ikisema lingine?" baba aliuliza.

"Hospitali itaoa?"

 Kwetu milimani malaria ikipanda kichwani ni ugonjwa wa heshima. Inakuja na mbu na inaondoka na dawa, haimwachii mtu doa wala ukoo wake. Mimi nilipoelezwa mpango huo nilihisi faraja, na papo hapo nikahisi hofu. Nilimtaka Nyambura. Pia nilijua nisingeweza kuishi na mke ambaye kila siku najiuliza kama angalinioa angalijua ukweli.

Alikuja mwenyewe siku moja, akiwa na sare ya kwaya ya walimu wa kike, akakaa kwenye benchi la wageni. Alinitazama mate yakinitoka, akanifuta kwa leso yake bila kusema pole.

"Nimechoka kuambiwa na watu," alisema. "Mmoja ananiambia umerogwa, mwingine ananiambia malaria. Wewe ndiye uliyesoma. Niambie wewe uko na nini."

"Sijui, Nyambura."

"Basi ukijua uniambie mimi kabla ya wengine."

Alinyanyuka akaenda kituo cha basi. Kuanzia hapo kulijua jina la ugonjwa wangu hakukuwa tena udadisi wa msomi. Lilikuwa ndilo lililosimama kati yangu na yeye.

Ukombozi ulianza kwa jambo la kawaida. Daktari wa akili kutoka Nairobi alikuwa akija hospitalini kwetu mara kwa mara kuwaona wagonjwa ambao hawakuwa wakipata nafuu. Safari hiyo alikuja daktari kijana, Daktari Ouma, mtu wa kutoka ziwani. Alinikuta na baba, akauliza lile lile swali la kwanza, na baba akajibu lile lile jibu: "Huyu ni baba yangu."

Daktari Ouma hakushtuka. "Ana jina la babu yake?"

"Ndiyo."

"Kwetu pia mtoto hubeba jina la aliyetangulia," alisema. "Mimi mwenyewe shangazi zangu huniita mzee." Akavuta kiti. "Basi hilo tuliweke kando. Mwalimu, niambie habari za barabara."

Nilimwambia yote. Alisikiliza, akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Je, wazo linatoka nje au ni langu? Ni langu. Ninaliamini? Hapana. Mbona ninalitii? Kwa sababu nisipolitii siwezi kupumua. Nikirudi kutazama, napata amani? Ndiyo. Kwa muda gani? Mpaka kona inayofuata.

"Sasa mtazame jirani yako," alisema kwa sauti ya chini. "Maina hana shaka hata kidogo. Wewe una shaka tupu. Hamwezi kuwa na ugonjwa mmoja, hata kama nyote wawili mnawashangaza watu barabarani." Akaniambia kwamba wangu huitwa ugonjwa wa shaka na kurudia: wazo linalojilazimisha, na tendo ambalo mtu hulirudia ili kulinyamazisha.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake nikaanza kumhoji. Ndivyo nilivyo. "Daktari, kila mtu hutazama nyuma. Kila mtu hurudi kuangalia kama amefunga mlango. Ni wapi tabia inaisha na ugonjwa unaanza?"

"Mpaka hauko ndani ya wazo," alijibu. "Mawazo kama yako wanayo hata askari waliokucheka. Wao yanawapitia. Wewe yamekutoa kazini, yamekukondesha, yametaka kukunyima mke. Unapoteseka, na huwezi kuishi na watu wako wala kufanya kazi yako, hapo nasema ni ugonjwa."

"Kwa hiyo mnachora mstari mnapotaka."

"Wakati mwingine. Na tunagombana juu yake. Kuna majina niliyosoma mwanzoni ambayo sasa yameanza kuachwa, na kuna wagonjwa ambao madaktari wawili wangewapa majina mawili. Wewe ni mmoja wao."

"Basi hayo majina ni ya kubuni."

Alielekeza kidole dirishani. "Mto Gura uko hapa chini. Mipaka ya wilaya zenu imechorwa na watu, tena imebadilishwa. Mpaka ukibadilishwa, mto unahama? Hauhami. Lakini ukitaka kumfikisha mgonjwa hospitalini haraka, ni lazima ujue uko upande gani. Mateso yako ni mto. Jina ni mpaka tuliochora ili tujue tukupeleke wapi. Ulikuwa umepelekwa siko."

 Baba, ambaye hakuwa amefuata yote, aliuliza swali moja tu. "Daktari, hii ilitoka kwa babu yake?"

"Mzee, huenda mtu akarithi udongo laini. Sayansi haijafika mwisho wa hilo. Jina ulilompa halikumletea kitu."

Baba aliinamisha kichwa, na nikaona mabega yake yakishuka.

Sindano zilipunguzwa kidogo kidogo, nikaanzishiwa vidonge vingine. Hivyo navyo vilikuwa na adhabu zake: kinywa kilikauka kama nimelamba majivu, mkojo ulisitasita, nilisimama chooni nikingoja kama mtu anayengoja basi. Lakini dawa ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa barabara. Daktari Ouma alisema nitapanda baiskeli ile ile, kwenye mteremko ule ule, na nikipita juu ya kitu sitarudi. Na nikimwuliza mtu yeyote nyumbani, "Nimegonga mtu?" ni marufuku kunijibu.

"Hata kumwambia hapana?" mama aliuliza.

"Hata hapana. Kila mnapomwambia hapana mnalilisha shaka."

Siku ya kwanza baba alikuja nami hadi juu ya mteremko.  Nilishuka, gurudumu likaruka juu ya kitu, na nilipofika chini nilikuwa nimelowa jasho kama mtu aliyemwagiwa maji. Baba alinifuata kwa miguu.

"Baba, kuna mtu pale juu?" nilimwuliza.

Hakujibu.

"Tafadhali. Sema tu kama ulipita ukaona."

Tangu nikiwa mtoto hakuwahi kuninyima jibu. Kwake, kuninyima mimi kulikuwa kumnyima mzee wake. Macho yake yalijaa machozi. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia kabla wala baadaye: "Leo wewe si baba yangu. Wewe ni mtoto wangu, na nimekukataza. Panda baiskeli twende."

Nikapanda. Kifua kiliniuma hadi adhuhuri. Jioni maumivu yakapungua yenyewe, bila mimi kurudi, bila mtu kuniambia neno. Nilikaa jikoni nikishangaa. Sikuwa nimewahi kulisubiri shaka hadi lichoke.

Sikupona siku ile. Kuna wiki nilizoanguka, nikarudi barabarani hata mara nyingi kuliko mwanzo, na mama akalia. Lakini muda wa kuchoka kwa shaka ulizidi kuwa mfupi. Shavu likapona kwa ndani. Nilirudi darasani muhula uliofuata. Daktari yule mzee alinisalimia mjini, akaniambia kwa unyofu kwamba alikosea na kwamba sasa huwauliza watu jina limetoka kwa nani. Maina naye aliruhusiwa kurudi kwake, na namtaja hapa kwa heshima: dawa iliyoninyonga mimi ndiyo iliyomrudisha yeye kwa watoto wake.

Namshukuru Mungu, ambaye mama alimlilia akiwa na njaa. Nawashukuru baba, Cucu, sajenti wa polisi, wauguzi walionifuta mate, na Daktari Ouma, aliyevuta kiti. Nanyi mnaosoma, mkiwa na mgonjwa wa namna hii, msikimbilie jina la kwanza mnalopewa, hata likitoka kwa mwenye koti jeupe, wala msilikatae jina kwa sababu ya aibu. Mwelezeni daktari desturi zenu. Yeye hazijui, na hataki kuonekana hazijui. Mgonjwa naye asiache dawa kwa sababu amejisikia nafuu. Kuhusu swali lililoninyima usingizi, sijalipatia jibu. Pengine hofu ile ni yangu na kuzidi kwake ndiko ugonjwa. Nimejifunza kwenda kazini nikiwa sijajua.

Nilimwambia Nyambura kwanza, kama alivyotaka. Kisha siku ya kwenda kwao ikafika.

Tuliketi katika sebule ya Mzee Kamau, wazee wetu upande mmoja, wao upande mwingine. Baada ya maombi na chai Mzee Kamau aliweka kikombe chini. "Niliuliza swali," alisema. "Bado nalingojea."

Shangazi Wairimu alikuwa tayari. "Mzee, wewe unajua Mwea. Hiyo mbu ya Mwea..."

"Shangazi, nisamehe," nikasema. Kwetu kijana hamkatizi mkubwa wake mbele ya wakwe. Nilisikia mmoja wa wazee wetu akiguna. "Haikuwa malaria. Niliugua akili. Unaitwa ugonjwa wa shaka na kurudia. Nilikuwa nahofia nimegonga watu ambao sikuwagonga, narudi kuwatafuta. Nililazwa. Natumia dawa hadi leo, na huenda ukarudi."

 Mzee Kamau alinikazia macho.

"Unapiga watu?"

"Hapana."

"Unafanya kazi?"

"Ndiyo. Kila siku."

Akamgeukia binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika. "Wewe ulijua haya?"

"Aliniambia."

"Na bado unamtaka?"

"Bado, baba."

Mzee Kamau akachukua kikombe chake tena. "Hiyo ugonjwa sijawahi kusikia," alisema. "Lakini sasa iko na jina. Wazee, tuongee habari ya mbuzi."

Papo hapo shaka likanijia. Niliona huenda sikueleza vizuri, huenda alidhani nimepona kabisa, huenda nimemdanganya bila kukusudia na napaswa kurudia tangu mwanzo. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Nikafunga mdomo, nikamwachia baba azungumze.